Asilimia 94 ya nini? Hesabu za kadi za grafiki hazituoni huku Mwanza

Tangu zile namba za Jon Peddie Research, kampuni inayofuatilia soko la kadi za grafiki, za robo ya pili ya 2025 zitoke, kati ya watengenezaji Nvidia ana asilimia 94, AMD 6, Intel hata haisomeki, ubishi hauishi. Nilipita kwa fundi mmoja maeneo ya Makoroboi kufuata waya tu nikakuta vijana wanarushiana maneno, mmoja akanidaka, "kaka hebu mwambie huyu, AMD imeshakufa, anaitetea ya nini?" Na mezani pale pale kuna kompyuta zimefunguliwa, hakuna hata moja yenye kadi mpya. Hilo ndo limenikera, kwamba tunagombania hesabu ambayo sisi wenyewe hatumo.

Maana ile 94 ni ya kadi mpya zilizotoka kwa watengenezaji kwenda kwa wauzaji ndani ya miezi mitatu. Basi. Kadi ya mtumba iliyoshuka Kariakoo ikapandishwa basi la Mwanza haimo humo, ile ilishahesabiwa zamani ilipouzwa China au Ulaya ikiwa mpya, aliyeinunua leo hapa Igoma hahesabiwi na mtu yeyote. Hesabu ya Steam, lile duka la gemu mtandaoni, ina nafuu kidogo kwa sababu inaangalia kilichomo ndani ya mashine hata kama ni cha zamani, ndo maana kadi ya Nvidia, GTX 1060 ya 2016, ilikaa kileleni miaka na miaka, ikaja 1650, ikaja 3060, na hutakuta kadi ya milioni nne imekaa pale juu. Ila nayo inataka uwe na Steam na ukubali kuulizwa, na tunajua gemu huku zinatembeaje, zinatembea kwenye flashi na hadi diski za washkaji. Wale wanaoleta namba za Mindfactory, duka moja la Ujerumani, kuthibitisha kwamba AMD inaongoza, hao hata tusibishane.

Sasa nije kwenye kinachoniuma. Kompyuta ya mtu wa kawaida hapa ni Dell Optiplex au HP ya ofisini, prosesa ni i5 ya kizazi cha nne, imekuja kwenye kontena. Fungua ubavu wake uangalie. Pawa saplai ni ya wati 255 au 290, na ule waya wa pini sita au nane wa kulisha kadi haupo kabisa, kwa hiyo kadi inatakiwa ijilishe kwenye sloti ya mazabodi, na sloti inatoa wati 75, haiongezi. GTX 1050 Ti ya Nvidia ilitoka Oktoba 2016 kwa dola 139, ukiichomeka humo inafanya kazi siku hiyo hiyo. 1650 ya 2019, dola 149, zipo nyingi tu zisizotaka waya, nayo ikaingia. Watu wamefungua studio na hizo kadi jamani, video za harusi na send-off tunazotazama zimetoka humo.

Baada ya hapo angalia walichotuletea. AMD 2022 wakatoa RX 6400, wati 53, ndogo, inaingia hata kwenye kale ka-Optiplex kembamba, ukisoma hapo unafurahi. Kumbe wameipa njia nne tu za PCIe, ile barabara ya data kati ya kadi na mazabodi, na mahesabu yote yamepigwa kwa PCIe 4, ukiiweka kwenye mazabodi yetu ya PCIe 3 upana unakatika nusu, na memori yake ni GB 4 tu kwa hiyo ikijaa ndo inaitegemea njia ile ile nyembamba. Halafu wameondoa kabisa sehemu ya kuenkodi video, yaani kuibana iwe faili! Yaani kadi ya bei ya chini, ambayo mnunuzi wake huku nusu ya siku anarenda video, haina enkoda. Intel nao wakaja na Arc A380, dola 139, inaenkodi mpaka AV1, ule mfumo mpya wa kubana video, nilikuwa na matumaini nayo sana, lakini inataka Resizable BAR, yaani prosesa iweze kuifikia memori yote ya kadi kwa mkupuo, na mashine ya kizazi cha nne haijui hicho kitu, gemu zinakwama kwama hovyo. B580 yao ya Desemba 2024 ni kadi nzuri kweli, GB 12 kwa dola 249, ila tatizo ni lile lile, inataka mashine mpya na saplai mpya, na dola 249 peke yake ni laki sita na ushee kabla haijasafiri.

Nvidia, haya niseme ukweli hata kama sipendi, Februari 2024 walitoa RTX 3050 ya GB 6, wati 70, haitaki waya, na ndiyo kadi pekee mpya ninayoweza kumwambia mtu wa Optiplex anunue nikalala usingizi. Lakini iliuzwa karibu dola 170 wakati 1050 Ti ilikuwa 139, na wakaipa jina la 3050 ile ile ya 2022 ya GB 8 wakati koa, vile vichakataji vidogo vya ndani, zimepunguzwa kutoka 2560 hadi 2304. Mtu anatazama majaribio ya ile ya GB 8 Youtube, anaenda dukani analetewa hii, anadhani ni ile ile. Hiyo siyo haki.

Na sababu haijifichi. Mwaka wa fedha ulioisha Januari 2025 Nvidia waliingiza dola bilioni 130.5, kati ya hizo bilioni 115 na ushee ni vituo vya data, gemu kama bilioni 11 tu. Nani atakaa chini kufikiria kadi ya dola 139? AMD ndo waliniumiza zaidi maana Jack Huynh, bosi wao wa upande wa kompyuta na grafiki wakati huo, alisema wazi Septemba 2024 kwamba hawatakimbizana na kadi ya juu kabisa, wanatafuta wingi wa soko, mimi nikaamini zamu yetu imefika. RX 9060 XT ikatoka Juni 2025 ikianzia dola 299. Wingi wa nani?

Tabaka la chini likiachwa wazi halibaki tupu, matapeli wanaingia. Kuna dogo anaediti video za harusi, kijana mchapakazi sana, aliniletea kadi aliyouziwa kama 1050 Ti, boksi safi, stika inang'aa, feni inazunguka vizuri. Nilivyoigeuza nikaona tundu la VGA, lile la skrini za zamani. Chipu ya 1050 Ti haitoi VGA. Tukafungua GPU-Z, programu ya kusoma kadi, pale kwenye jina imeandikwa FAKE, ndani ni chipu ya kizamani ya Nvidia imebadilishwa bayosi, programu yake ya ndani, ili ijiite jina ambalo siyo lake. Hakusema kitu, alikaa anaitazama tu ile skrini. Pesa ile ni ya kazi za wikiendi na wikiendi, amebeba kamera usiku kucha kwenye kumbi za watu. Na asilimia 94 yenu haina mahali pa kumwandika.

Sikatai Nvidia anaongoza, hata huku ukihesabu za mtumba zote nadhani bado anaongoza, CUDA, mfumo wake unaoziharakisha programu za kazi, peke yake inatosha kumshika mtu wa Premiere ya video na Blender ya 3D asihame. RX 580 za AMD zilizomwagika baada ya sarafu ya mtandaoni ya Ethereum kuacha kuchimbwa kwa kadi Septemba 2022 ni nyingi na zina nguvu, ila zinakula wati 185, kwa Optiplex hazifai mpaka ubadilishe saplai, na saplai ya Dell nayo ina pini zake za ajabu.

Kwa hiyo mwenye mashine ya ofisini na pesa ya mtumba, tafuta 1650 isiyo na tundu la waya, nenda na flashi yenye GPU-Z, ichomekwe mbele yako, iendeshwe, usome jina na memori kabla hujatoa hela. Muuzaji akikataa kuichomeka, rudisha hela yako mfukoni uondoke.