Gari Linauzwa, Lina Joto Kidogo

Gari likizeeka halifi siku moja. Linakufa kiungo kimoja kimoja, tena kwa adabu, likikupa muda wa kuzoea. La kwangu lilianza na kioo cha upande wa abiria: kilishuka, kikagoma kupanda. Fundi akakipandisha kwa nguvu, kikagoma kushuka. Nikasema sawa, abiria anataka kioo kishuke aende wapi? Kikafuata kitasa cha ndani cha mlango huohuo. Ukitaka kutoka, ama mtu wa nje akufungulie, ama ujikunje upite juu ya gia utokee kwa dereva. Honi nayo ikawa inalia yenyewe ukikata kona ya kushoto. Taa ya injini iliwaka zamani sana, nikaishi nayo kama pambo.

Yote hayo niliyavumilia. Kilichotuletea kikao cha familia ni kuchemsha.

Gari likawa linakunywa maji. Asubuhi najaza rejeta mpaka juu. Kesho yake nafungua mfuniko, injini ikiwa imepoa, maana kuufungua wakati wa moto ni njia ya uhakika ya kupoteza nyusi, nakuta kiwango kimeshuka. Chini ya gari hakuna hata tone. Na huku nyuma ekzosi inatoa moshi mweupe wenye harufu tamutamu.

Nikalipeleka kwa fundi. Fundi wangu ni mtu wa maneno machache na miguno mingi. Ukubwa wa bili unaujua kwa urefu wa mguno. Akafungua mfuniko wa oili, akapitisha kidole kwa ndani, kidole kikatoka na utando wa rangi ya chai ya maziwa. Akaguna. Akaleta kichupa chenye dawa ya bluu, akakibandika kwenye mdomo wa rejeta injini ikiwa inaunguruma, akaanza kuvuta hewa ya mle ndani ipite kwenye ile dawa.

"Bosi, ikibaki bluu, tunaongea. Ikigeuka njano, ujue moshi wa silinda unaingia kwenye maji. Gasketi ya silinda hedi imekwenda."

Sijawahi kuipenda bluu kama siku ile. Ikabaki bluu. Ikabaki. Ikaanza kuingia ukijani. Nikamwuliza fundi kama kijani nacho kinahesabiwa. Hakujibu. Ikawa njano safi kabisa, na mguno uliofuata sijausikia tena maishani.

Gasketi yenyewe, akanieleza, ni kitu chembamba kinachoziba kati ya injini na silinda hedi, yaani kifuniko chake cha juu, na bei yake si tatizo. Kinachokula hela ni kuifikia. Unafungua nusu ya injini, unapeleka silinda hedi ikapimwe kama haijapinda kwa joto, ikiwa imepinda isawazishwe, unanunua boliti mpya kwa sababu nyingi zikishakazwa mara moja hazirudiwi. "Na tukishafungua, bosi, hatufungi bila kubadilisha taimingi belti na pampu ya maji. Si vipo hapohapo?"

Fundi akikwambia kitu kipo hapohapo, shika mfuko.

Jioni kikao kikakaa. Shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, hana gari na hajawahi kuwa nalo, kwa hiyo ndiye mtaalamu wetu wa magari. Alikuja na kikokotoo.

"Shemeji, matengenezo yakizidi nusu ya thamani ya gari, unauza. Ndiyo kanuni."

"Nauza kwa bei gani?"

"Bei ya gari zima."

"Si zima."

"Ndiyo maana unauza."

Nikampa hoja ambayo mpaka leo naiona haina pa kuikamatia. Nikasema, tusiulize gari hili lina thamani gani, tuulize lingine litanigharimu nini. Gari jipya hushuka thamani kwa kasi zaidi miaka yake ya mwanzo. Langu limeshashuka mpaka sakafuni, haliwezi kunitia hasara nyingine. Na ukinunua lililotumika, unanunua siri za mtu mwingine. Za hili nazijua zote.

"Na sisi tunazijua," akasema mke wangu, ambaye kiti cha abiria ndicho chake.

Ikapita kwamba liuzwe.

Tangazo niliandika mwenyewe, na sentensi moja ilinikosesha usingizi. Sikutaka kudanganya, wala sikutaka kumaliza ukweli wote kwa mpigo. Mwisho nikaandika: "Gari linauzwa. Bodi safi, halina kutu. Lina joto kidogo." Shemeji alitaka tuongeze kwamba nauza kwa sababu nahamia nje ya nchi. Nikamwambia sihami. Akasema mnunuzi hatakuja uwanja wa ndege kuhakiki.

Wakapiga simu wa kila namna. Mmoja aliuliza bei ya mwisho kabla hajauliza ni gari gani. Mwingine alikuwa tayari kulipa nusu papo hapo na nusu Mungu akijalia. Ndipo akaja mzee mmoja wa kofia, suruali ya kitambaa iliyopigwa pasi, na tochi mkononi mchana kweupe. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba akiwa tayari amepiga magoti anachungulia uvunguni. Akazunguka gari lote akigonga chini ya milango kwa kifundo cha kidole na kusikiliza. Akainama kwenye tairi, akasoma tarakimu nne za mwisho zilizoandikwa ubavuni: 2316.

"Wiki ya 23, mwaka 2016," akasema. "Tairi hili lina kumbukumbu nzuri kuliko wauzaji wengi."

Boneti hakuligusa. Nikamshukuru Mungu kimoyomoyo, nikidhani nimepata mnunuzi asiyejua magari.

"Haya, tulijaribu barabarani, mwanangu."

Hapa inabidi nieleze siri niliyopewa na fundi. Hita ya gari ni rejeta ndogo iliyofichwa ndani ya dashibodi: maji ya moto ya injini hupita humo, feni inapuliza hewa juu yake, wewe unapata joto. Gari linapotaka kuchemsha, ukifungua hita mpaka mwisho, sehemu ya joto la injini inahamia kwenu mliokaa ndani. Ni huduma ya kwanza tu, ya kukufikisha gereji. Mimi niliitumia kibiashara. Jua lilikuwa la utosi. Nikaifungua yote.

Mwanzo tulikwenda vizuri. Kona ya kushoto tuliikata mbele ya askari wa usalama barabarani, honi ikampigia kwa kirefu. Nikampungia mkono. Naye, kwa mshangao, akapunga.

"Mnajuana?" akauliza mzee.

"Sana."

Tukaenda kidogo. Mzee akalegeza kifungo cha shingoni.

"Mwanangu, nasikia joto."

"Hita ya gari hili, mzee wangu, huwezi kuipata siku hizi."

"Nimeshaipata." Akabonyeza kitufe cha kioo. Akabonyeza tena. "Hiki vipi?"

"Hicho huwa hatukishushi. Vumbi."

Tukaingia kwenye foleni. Gari likisimama, upepo wa mbele unakatika, rejeta inabaki na feni yake tu. Nikaanza kuutazama mshale wa joto kwa jicho moja. Kwa kawaida ulikaa katikati. Sasa ulikuwa unapanda polepole sana, ukitetemeka kidogo kila injini inapotetemeka, mpaka ukaigusa alama nyekundu na kuilalia. Nikaongeza feni ya hita. Mzee akavua kofia, akajipepea, akaona anajipepea hewa ya moto, akaacha.

Halafu boneti likapumua. Kwanza uzi mwembamba wa mvuke upande wa kulia, kisha pande zote kwa pamoja, na kioo cha mbele kikawa cheupe tupu. Mtu akapiga kelele kutoka foleni ya pili: "Linaungua!" Hilo neno halisubiri uchunguzi. Nikazima injini, nikafungua mlango, nikajikuta ng'ambo ya barabara.

Msamaria mmoja akatokea na ndoo. Nikamkimbilia kumzuia, maana injini iliyochemka ukiimwagia maji baridi chuma kinaweza kupasuka, na nilikuwa na gasketi ya kuuguza tayari. Tulikuwa bado tunagombea ndoo niliposikia mtu anagonga kioo. Ni mzee. Nilimsahau ndani. Alikuwa anasema maneno mengi ambayo kioo kiliyazuia, nashukuru, na mkononi ameshika kitasa cha mlango, ambacho kwa kukivuta sana kilikuwa kimetoka chote pamoja na skrubu yake.

Nikamfungulia kwa nje. Akashuka taratibu, shati limemganda mgongoni, akakamua kofia yake pale kando ya barabara, ikatoa maji kweli. Nikasubiri nitukanwe. Akaketi kwenye ukingo wa barabara, akanitazama, akaanza kucheka, na kadiri alivyocheka ndivyo nilivyozidi kuogopa.

"Gasketi," akasema.

"Joto kidogo, mzee. Tangazo lilisema."

"Nimeijua tangu ulipofungua hita. Mimi mwenyewe nilishauza gari kwa hita. Ila nilikuwa na akili, nikauza msimu wa baridi."

Ndipo akanitobolea. Anamiliki gari kama langu hilihili, aina moja, mwaka mmoja. Injini yake imefanyiwa ovaholi, nzima kabisa, lakini bodi imeliwa na kutu. Ndiyo maana kugonga kule na tochi: alikuja kununua bati langu, injini ningeweza kubaki nayo. Akataja bei. Ilikuwa bei ya kumwonea mtu huruma. Nikamwambia kwanza nilione hilo la kwake.

Gari lilipopoa tukajaza maji, tukajikokota kwa vituo. Safari hii mzee alikaa nyuma, ambako milango inafunguka.

Uwanjani kwake akaniinulia zulia la mpira upande wa dereva. Chini palikuwa na ubao. Akainua ubao, chini palikuwa na ardhi. Lakini alipopiga stata, injini ikawaka mara moja na kutulia hivi, ukiweka mkono juu huhisi hata mtetemo. Nikafungua mfuniko wa oili, nikapitisha kidole. Safi. Nikaguna mguno mfupi, nikiwa nimejifunza kwa bingwa.

Sasa tukawa wanaume wawili wenye gari moja lililogawanyika mara mbili. Yeye kama mnunuzi akaanza: bodi ni bati tu, bati liko kila mahali, mgonjwa wa gasketi hana wa kumchukua. Mimi nikamjibu alichowahi kuniambia fundi, kwamba injini inabadilishwa siku yoyote, ila kutu ikishaingia kwenye chasisi hapo unazungumzia msiba. Tungeendelea mpaka magharibi kama mlango wa nyumba usingefunguka, akatoka mama mwenye nyumba. Akayatazama magari yote mawili, akafunga mikono kifuani.

"Linatoka moja, au linaingia moja?"

Mzee akakohoa. Akanishika mkono, akanivuta pembeni, na sauti yake ikashuka.

"Mwanangu, hili langu ungelichukua kwa kiasi gani?"

Hapohapo dunia ikapinduka. Mimi ndiye niliyesema injini ni chuma tu, chuma kiko kila mahali. Yeye ndiye aliyesema injini ndiyo gari lenyewe, mengine ni kivuli cha kujikingia jua, na kutu kidogo kwenye sakafu hata ina faida, inaingiza upepo. Nilipomwona anatazama mlangoni kila baada ya sentensi, nikajua nishikilie palepale. Tukamalizana kwa ile bei yake ya huruma, aliyoitaja mwenyewe kule barabarani. Alijitahidi kuikana.

Nikamwita fundi aje. Akayatazama magari yote mawili, na kwa mara ya kwanza tangu tujuane hakuguna kabisa. Tukafunga kamba: gari lisilo na sakafu likalivuta gari lisilo na gasketi. Fundi alishika usukani wa mbele akiwa ameweka miguu kwa uangalifu mkubwa.

Mke wangu alikuwa getini.

"Limeuzwa?"

"Kuna maendeleo," nikasema.

Sitasimulia wiki iliyofuata, wala maneno yaliyosemwa kuhusu uwanja uliojaa magari. Injini ilihamishwa, namba yake ikabadilishwa kwenye kadi, na mlango wa abiria ukapata kitasa na mota ya kioo kutoka gari la mzee. Vilivyobaki vikauzwa kimoja kimoja: taa, viti, vioo, stata, altaneta. Mifupa ilikwenda kwa wanunuzi wa chuma chakavu, kwa kilo. Shemeji akapiga hesabu, ukitoa vilivyouzwa nimetumia pungufu ya bili ya gasketi. Akaifuta, akaipiga upya, akageuza kikokotoo kuangalia betri.

"Basi shemeji, sasa ndiyo wakati wenyewe," akasema. "Gari huuzwa likiwa zima. Likiumwa tena hulipati bei. Tutoe tangazo leo leo."

Kusema kweli hoja yake ilikuwa na kichwa na miguu, nami nilikuwa nimeanza kutikisa kichwa. Mke wangu, aliyekuwa wa kwanza kutaka liuzwe, akaokota funguo mezani, akazitia mkobani, akafunga zipu.

"Uzeni hicho kikokotoo," akasema.