Viboko 37 vya Babu

Babu mzaa baba alitoka Kigoma akiwa kijana, akaandikwa kuwa manamba katika mashamba ya mkonge ya Tanga, na kwao hakurudi tena. Hayo ndiyo tuliyoyajua, mpaka mwaka juzi nilipokabidhiwa sanduku lake la bati, nami nikajipa cheo cha mwanahistoria wa ukoo bila ya kuchaguliwa na mtu yeyote.

Chini ya kanzu iliyotobolewa na nondo palikuwa na kipande, yaani ile kadi ya kazi yenye vyumba 30. Kila siku manamba alipomaliza ngwe yake, karani alitia alama katika chumba kimoja, na mshahara haukutoka mpaka vyumba vyote vijae. Hiki kilikuwa na alama 11 tu. Nyuma yake palichorwa mistari ya penseli, minne minne, kila minne ikiwa imekatwa na wa tano, na mwishoni miwili iliyobaki peke yake. Jumla ilikuwa 37.

Mtu mwenye akili zake angewauliza wazee. Mimi nilikaa nacho Dar es Salaam wiki tatu, nikikisoma kwa lenzi kila usiku, hadi nikapata jibu: babu aligoma siku ya kumi na mbili, na ile mistari ni viboko alivyochapwa kwa kugoma kwake. Nilijua fika kwamba hamsa-ishirini ya Mjerumani, yaani adhabu ya viboko ishirini na vitano, ilikwisha Tanga mwaka 1916, alipoondolewa na Mwingereza, na kwamba kadi yenyewe ilikuwa na mhuri wa 1948. Kikwazo hicho nilikiruka kwa kuandika kuwa mnyapara alikuwa na kumbukumbu nzuri. Kuhusu jina, lile la kwenye kadi lilifanana na la babu kwa herufi ya kwanza peke yake. Hapo nilimtupia lawama karani.

Ukoo ulikutana Muheza, Idi pili, chini ya mwembe. Kaka mkubwa alikuwa amegharimia fulana 25, kila moja na namba ya kile kipande kifuani, na watu wazima walizivaa juu ya kanzu zao za sikukuu bila kulalamika. Nilisoma kurasa tisa. Nilipofika kiboko cha thelathini na saba, wifi alijifuta machozi kwa ncha ya kanga, na mjomba mmoja akaomba tusimame kimya kwa dakika moja. Tukasimama, hata watoto.

Shangazi, ambaye ndiye mtoto pekee wa babu aliyebaki hai, hakusimama. Alinyoosha mkono akaomba kadi, akaigeuza, akaisogeza mbali na macho kama wafanyavyo wazee wasiopenda miwani, kisha mabega yake yakaanza kutikisika. Nilidhani analia.

"Mwanangu," akasema alipopata pumzi, "hii ni chai."

Akatueleza kwamba babu alimaliza mkataba mmoja tu, miiba ya mkonge ikamtosha, akafungua kibanda cha chai na mihogo ya kuchemsha karibu na korona, pale mkonge unapochambuliwa nyuzi. Aliyekopa aliacha kipande chake kama rehani, na babu, kwa kuwa kuandika hakujua, alimchorea mstari mmoja nyuma yake kwa kila kikombe. Mwenye kipande hiki alikunywa vikombe 37, kisha akatoroka kambini usiku.

"Na jina je, Shangazi?" nikauliza, nikiwa bado na tumaini.

"Jina ni lake. Karani hakukosea."

Ukimya uliofuata ulizidi ule wa dakika moja, ambao sasa ilikuwa wazi kwamba tulikuwa tumemsimamia mdaiwa wa babu. Wa kwanza kuvua fulana alikuwa mjomba yuleyule aliyetusimamisha. Kaka hakuvua yake. Aliuliza kikombe kilikuwa bei gani.

"Senti tano," akajibu Shangazi.

Kaka akatoa simu, akapiga hesabu taratibu mbele ya watu wote, akatangaza kwamba babu alikuwa akidai shilingi moja na senti themanini na tano. Kisha akanigeukia na kunikumbusha, kwa upole ulioniumiza kuliko matusi, kwamba fulana moja ilimgharimu shilingi 12,000.