Mikono Miwili Haimchori Mnyama Mzima

Mwambie mtoto wa shule wa Kampala au Mbale amchore Spinosaurus, mmoja wa dinosaria, wanyama wakubwa wa kale waliotoweka: atachora tanga mgongoni na taya refu kama la mamba, bila kusita. Wataalamu husita. Mifupa ya kwanza ilichimbwa Misri mwaka 1912, mtaalamu Mjerumani Ernst Stromer akaieleza mwaka 1915, kisha mabomu ya vita yakaiteketeza mifupa hiyo mjini Munich, Ujerumani, mwaka 1944. Kwa miongo mingi ikabaki michoro, picha na vipande vya hapa na pale. Mifupa mingine ya maana, kutoka Moroko, ilitangazwa mwaka 2014. Mkia ulipoelezwa mwaka 2020, umbo likabadilika tena, na hadi leo wanabishana kama alipiga mbizi au alisimama tu majini akivua samaki.

Kwa hiyo wanaotilia shaka wanyama wanaochorwa kutokana na mifupa michache wana hoja. Argentinosaurus, dinosaria anayetajwa miongoni mwa wanyama wakubwa kuliko wote waliowahi kutembea nchi kavu, anajulikana kwa pingili kadhaa za uti wa mgongo na mifupa michache mingine.

Lakini mtazame dinosaria mwingine, Deinocheirus. Mwaka 1965 ilipatikana Mongolia mikono yake miwili, kila mmoja karibu mita mbili na nusu, na kwa miaka mingi hapakuwa na mengi zaidi ya hiyo. Wapo waliomdhania mla nyama wa kutisha. Wengine, kwa kulinganisha mifupa ya mikono, walimweka karibu na dinosaria wanaofanana na mbuni. Mwili wake ulipoelezwa mwaka 2014, ukoo ulikuwa huo huo. Sura, hapana: alikuwa na nundu, na mdomo kama wa bata usio na meno. Mifupa michache inaweza kutaja ukoo wa mnyama kwa usahihi na isiseme lolote kuhusu sura yake.

Sisi Waganda tusiidharau mifupa michache. Morotopithecus wa Karamoja, wa jamii ya sokwe, aliyeishi zaidi ya miaka milioni 20 iliyopita, muda mrefu baada ya dinosaria, ana visukuku, yaani mabaki yaliyogeuka mawe, vichache mno. Hata hivyo pingili yake ya kiuno ilitosha kuonyesha mgongo unaokaribiana na wa sokwe wa leo. Anayetaka mifupa kamili ndipo aamini, amtupe na huyu.

Lawama yangu naipeleka kwenye picha zinazoficha pengo. Wataalamu wenyewe huchora mifupa iliyopatikana kwa rangi moja na iliyokisiwa kwa nyingine. Mchoro huo uingie kwenye vitabu vyetu vya shule, kando ya mnyama mwenye ngozi na macho, na mwalimu aanze na huo.