Mwalimu mzuri mpelekeni darasa la kwanza

Matokeo ya darasa la saba yakitoka kila halmashauri inakimbilia kuangalia imeshika nafasi ya ngapi kimkoa, walimu wakuu wanaitwa, waliofanya vizuri wanapewa vyeti na waliovuta mkia wanajieleza. Sawa. Ila mimi nina swali kwa maafisa elimu wetu wa wilaya, hivi watoto wa la pili ambao hawajui kusoma mnajua ni wangapi na wako shule zipi?

Maana tatizo linaanzia huku chini jamani. Shule nyingi nilizoziona mwalimu anayesifika kwa kufundisha anapangiwa la saba au la nne kwa sababu kule kuna mtihani wa taifa, halafu la kwanza anaachiwa anayekaribia kustaafu au mgeni aliyeripoti juzi, na chumba kina watoto mia na zaidi wengine wamekaa chini. Elimu bila malipo ilipoanza hapa Tanzania 2016 watoto waliandikishwa kwa wingi sana, jambo jema na nalitetea kabisa, lakini walimu na madarasa havikuongezeka kwa kasi ile.

Na siyo kwamba hatujui la kufanya. Mtaala wa la kwanza na la pili ulioanza 2015 uliweka nguvu kwenye KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu, walimu wakapelekwa semina za kufundisha kwa sauti za herufi, yaani mtoto anajua b inatoa sauti gani, anaiunganisha na a anapata ba, anaendelea hivyo mpaka neno zima, na kwa Kiswahili mtoto akishazishika sauti anasoma hata neno ambalo hajawahi kuliona. Lakini pita nje ya darasa usikilize, bado wanaimba ba be bi bo bu kwa pamoja, wanaojua wanawabeba wasiojua, na mwalimu mwenye watoto 120 atamsikiaje mmoja mmoja? Mtoto wa jirani yangu yuko la tatu, anakusomea ukurasa mzima kidole kikitembea vizuri tu, ukimuonyesha neno moja katikati ya ukurasa huo huo anakutazama. Amekariri! Na amepanda darasa.

Alafu kuna lugha. Mtoto wa Meatu au Bariadi nyumbani ni Kisukuma, wa Ngorongoro ni Kimasai, anafika la kwanza anakutana na Kiswahili na herufi kwa pamoja. EQUIP-Tanzania, mradi wa kuboresha elimu ya msingi, iliwahi kuweka madarasa ya utayari wa shule mikoa kama Simiyu na Kigoma, mtu wa pale pale kijijini anawasimulia watoto hadithi na kucheza nao kwa Kiswahili kabla hawajaanza shule, na kazi hiyo kila halmashauri inaweza kuiendeleza kwa mapato yake ya ndani.

Maafisa elimu kata walipewa pikipiki wafike shuleni. Basi wakifika wasiishie ofisini kukagua maazimio ya kazi na maandalio ya somo, waingie la pili, kila mtoto asome hadithi fupi asiyoijua, asiyeweza aandikwe jina na apate kipindi cha ziada wiki hiyo hiyo, siyo kusubiri akwame la nne. Ruzuku ya serikali kwa shule, shilingi 10,000 kwa mtoto kwa mwaka, ni ndogo, najua, ila kumsikiliza mtoto akisoma hakuli bajeti. Na kikao cha walimu wakuu cha mwezi wa kwanza kianze na orodha hiyo ya majina, matokeo ya la saba yafuate baadaye.