Mchungaji, Usiwakalishe Benchi Moja

Jirani yangu hapa Kaptembwa, Nakuru, alikuja kanisani Jumanne moja, siku ya ushirika wa akina mama, amejitanda leso hadi kwenye jicho la kushoto. Mimi nilikuwa naosha vikombe. Alipoinama kuchukua chai leso ikateleza, nikaliona shavu lilivyofura, ngozi imevutika ikawa inang'aa. Hakuna aliyemuuliza kitu. Tuliendelea kuimba.

Jioni hiyo mchungaji alimwita mumewe. Akawakalisha benchi moja, akawashikanisha mikono, akawasomea Malaki 2:16 kwamba Mungu anachukia kuachana, kisha akawapaka mafuta. Mume alilia, nasi tukasema ameguswa. Siku ya tatu usiku alimvunja mkono. "Alisema nimemwaibisha mbele ya pasta," jirani yangu aliniambia.

Ni miaka kadhaa sasa na bado linaniuma. Yule mchungaji hakuwa mtu mbaya. Alifanya kile alichozoea, yaani kusuluhisha. Lakini suluhu ni ya watu waliokosana. Mtu aliyepigwa hajakosana na mtu, amepigwa. Ukimkalisha kando ya aliyempiga na kumuuliza kulikoni, atakwambia alianguka bafuni, kwa sababu anajua wanarudi nyumba moja na wewe hutakuwepo. Msikilize bila mumewe, pamoja na mama anayemwamini. Swali la kwanza liwe: je, leo utalala salama? Kama jibu ni hapana, kazi ya kanisa usiku huo ni kumtafutia pa kulala, na maombi yafanyike huko huko.

Tena ile aya ya Malaki haiishii kwenye kuachana. Inaendelea kumtaja mtu anayelifunika vazi lake kwa udhalimu, kwamba naye Mungu anamchukia. Nimekaa kwenye semina za ndoa kuanzia Njoro hadi Kisumu, na sijawahi kusikia nusu hiyo ikisomwa.

Wala mimbari haikosi mahubiri. Katika 2 Samweli 13 Tamari anabakwa na Amnoni, mwana wa baba yake. Daudi, baba yao, anasikia, anakasirika sana, halafu hafanyi lolote. Absalomu anamwambia dada yake anyamaze. Kule Pietermaritzburg, Afrika Kusini, kituo cha Biblia na jamii kiitwacho Ujamaa Centre kiliifanya sura hii kuwa somo la Biblia la vikundi, na limefika hadi kwetu Kenya. Tulipoisoma katika ushirika wetu, nyanya mmoja aliyevuka miaka sabini aliweka kidole kwenye jina la Tamari akasema, "Huyu ni mimi." Watoto wake walikuwa hawajui, mchungaji hajui, sisi tulioimba naye miaka yote hatujui. Hakuna aliyewahi kumsomea sura hiyo kwa sauti.

Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2022 ulionyesha kwamba asilimia 34 ya wanawake wa Kenya wenye umri wa miaka 15 hadi 49 wamewahi kupigwa au kuumizwa mwili tangu walipofika miaka 15. Kwa hiyo wako kwenye viti vyetu kila Jumapili, mchungaji akijua asijue.

Akija aliyebakwa, asiambiwe afunge siku tatu. Siku tatu ni saa 72, na dawa za kuzuia virusi vya Ukimwi zinatakiwa zianze kabla ya muda huo kuisha, heri mapema zaidi. Asioge kwanza. Nguo alizovaa ziwekwe kwenye mfuko wa karatasi, kama ule wa unga, si wa nailoni, maana kwenye nailoni hushika unyevu na ushahidi ukaharibika. Apelekwe hospitali moja kwa moja, hapa kwetu ni ile hospitali kuu ya Nakuru tunayoiita PGH. Matibabu hayasubiri polisi. Fomu ya P3, ile ya polisi ambayo daktari hujaza majeraha, itafuata, na dawati la jinsia, linalopokea kesi kama hizi, liko kituo cha polisi.

Na mtoto akinajisiwa, tafadhali, wazee wa kanisa wasikae na familia mbili kuhesabu mbuzi wa fidia. Sheria ya Makosa ya Kijinsia ya 2006 haikuwapa nafasi hiyo. Kuiondoa kesi ni uamuzi wa Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma. Aliyenajisi mtoto wa miaka 11 au chini, kifungo chake kinaweza kuwa cha maisha. Mchungaji anayeandika barua ya kumwombea mshtakiwa kwa sababu ni mwimbaji mzuri wa kwaya ajue yule mtoto ataisikia barua hiyo.

Kanisani kwetu nambari ya kutuma sadaka kwa simu imebandikwa mlangoni kwa herufi kubwa. Nimeomba 1195, simu ya bure ya kusaidia waliodhulumiwa, nayo ibandikwe, na baraza bado linajadili. Kwa sasa nimeiandika kwenye karatasi nikaibandika nyuma ya mlango wa choo cha akina mama, mahali ambapo mtu anaweza kuinakili bila mumewe kumtazama. Juzi nilikuta karatasi imechanwa, mtu ameondoka na kipande chenye nambari. Nikaandika nyingine.