Tupeni pa kukaa

Nikipita Mtaa wa Samora, Dar es Salaam, huwa namtazama yule Askari wa shaba. Yuko pale tangu 1927, bunduki yake ina singe, magari yanamzunguka. Kazi nzuri, simbezi. Ila sijawahi kumkuta mtu ameketi kando yake akipiga soga. Atakaa wapi? Kumsogelea tu ni kugombana na bodaboda.

Sasa sikieni ya Montreal, Kanada. Mwaka 2011 wabunifu wawili, Mouna Andraos na Melissa Mongiat, walifunga bembea 21 katikati ya mji. Ukikaa kwenye moja na kuanza kubembea, inatoa sauti ya muziki. Lakini utamu wenyewe hautoki mpaka wa jirani naye abembee sambamba nawe. Mkienda pamoja, ndipo zinapozuka tuni ambazo peke yako huzipati. Walimshirikisha hata Luc-Alain Giraldeau, mtafiti wa tabia za wanyama, kwa kuwa walichotaka kukigusa ni ushirikiano. Nimeziona kwenye video tu, nikacheka. Watu wasiojuana wanachunguliana miguu ili waende pamoja!

Nilicheka pia kwa sababu watu wa pwani tulishaanza zamani, kwa mawe na chokaa. Baraza za Mji Mkongwe na Lamu zimejengwa zikashikana na ukuta wa nyumba, kwa nje. Mgeni wa kiume alipokewa hapo, mazungumzo yakaisha bila kuingia ndani kwa watu. Mvua ikijaza maji vichochoroni, baraza ndiyo njia. Nenda Jaws Corner jioni, Unguja: kahawa chungu kwenye vikombe vidogo, dhumna zinagongwa, na ukiwekwa mchezo wowote utakuta wachezaji wawili na makocha kumi ambao hakuna aliyewaajiri.

Hata hivyo tusiipambe kupita kiasi. Baraza hizo kwa sehemu kubwa ni za wanaume. Mama yangu akifika penye baraza alikuwa anaongeza mwendo, macho mbele, salamu moja ya jumla, basi. Hapo bembea za Montreal zimetushinda: bibi, mtoto, mpita njia, yeyote anakaa.

Kwa hiyo halmashauri yenye fungu la sanamu nyingine, nawaomba mpeni msanii fungu hilo atuundie kitu cha kukaliwa. Bao lichongwe ndani ya kiti chenyewe, kiti kiwe kirefu, na kiwekwe wanakosubiri wanawake, si penye kijiwe cha wanaume peke yake. Kivuli kisisahaulike. Kiti cha saruji saa saba mchana ni kikaango.

Kwenye stendi moja ninayoitumia wameweka viti vya chuma vyenye vigawanyio, nadhani ili mtu asijilaze. Juzi alikuja mama mwenye mapacha. Akajaribu mmoja huku, mmoja kule, kigawanyio katikati. Wakaanza kulia wote wawili. Akashuka, akatandika kanga sakafuni. Haikupita muda akajiunga naye muuza karanga, kisha wasichana wawili wa shule, miguu wameinyoosha, pacha mmoja keshahamia mapajani kwa msichana mmoja. Nyuma yao viti vyote vitupu.