Kumbe ni hamira hii hii ya maandazi!

Mwandishi, hongera. Makala yako kuhusu mwanasayansi Michael Hall wa Basel, Uswisi, nimeisoma nimesimama jikoni hapa Majengo, Moshi, unga wa maandazi ukiumuka kwenye beseni. Kumbe mwaka 1991 yeye na wenzake waliigundua kwenye hamira jeni ya TOR, ile inayotoa protini ya kuongoza ukuaji wa seli! Baridi hii ya Julai beseni nalifunika kwa kanga mbili na bado unga unanuna. (Najua, kuumuka ni gesi tu, si seli kukua. Msinirukie.)

Nilichoelewa: protini ya TOR ni kama mama mwenye nyumba, anachungulia stoo kwanza. Chakula kipo, anaruhusu seli itengeneze protini na kunenepa. Hakipo, anasimamisha kazi. Kwenye saratani nyingi amri ya "endelea" haizimwi. Dawa ya rapamaisini, iliyotokana na bakteria wa udongo wa kisiwa cha Rapa Nui huko Pasifiki, inaibana hiyo protini, na ndugu yake everolimasi iliruhusiwa Marekani mwaka 2009 kwa saratani ya figo.

Sasa wewe kaka uliyeandika kwenye maoni hapo juu kwamba basi tuache kula ili saratani ife njaa, taratibu. Shangazi yangu aliambiwa hivyo hivyo na majirani alipougua saratani ya titi. Akaishi kwa maji ya ndimu miezi miwili, na alipofika hospitali hakuwa na nguvu za kuanza matibabu. Ikabidi kwanza alishwe uji na mtori. Mwandishi, hilo ungeligusia hata kwa mstari mmoja.